Bomba Langoni kwa Mkwe

Siku Naisula alipojitupa kwenye maharage ya Mzee Lemomo akiwa na dumu la lita ishirini mgongoni, hakuna aliyemcheka. Yaani, hakuna aliyemcheka akiwa karibu. Mjane wa miaka sitini na moja, mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika, hajitupi kwenye maharage ovyo. Lazima kuna sababu, na sababu ilikuwa inapita njiani wakati uleule, imebeba ubao begani na inapiga mluzi: Yiamat, seremala, mume wa binti yake Catherine.

Katika kitongoji cha Olmukutani, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawaingii chumba kimoja, na wakikaribiana njiani mmoja wao anapisha. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima ina gharama zake, ambazo siku ile zilikuwa miche kumi na minne ya maharage, dumu lililopasuka, na mwiba mmoja mahali ambapo mzee wa kanisa hapataji.

Shida ilikuwa dumu. Mwanamke aliyebeba dumu mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso hutembea ameinama, na aliyeinama huona miguu tu. Naisula alikuwa ameshajifunza viatu vya kitongoji kizima. Kandambili za bluu, Catherine. Mabuti yaliyokatwa visigino, Mzee Lemomo. Katambuga za tairi zenye misumari miwili ubavuni, mkwe. Na ukishaziona katambuga za mkwe, umeshachelewa.

Kwa hiyo habari za maji zilipofika, Naisula alifurahi kuliko watu wote. Maji yangetoka kwenye chemchemi ya juu, kule msituni, si yale ya kisima yanayowapaka watoto meno rangi ya chai. Tena kijiji hakikuletewa mradi tu. Kililetewa Evelyn.

Evelyn alikuwa msanifu majengo, kijana, mzaliwa wa Sakina, kule mjini, kwa wazazi wa kutoka Kilimanjaro. Alikuja na mabuti makubwa na karatasi zilizoviringishwa, akawasalimia wazee wote shikamoo mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka, kisha akasema jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyewahi kulisema pale: hatachora chochote. Kijiji chenyewe ndicho kitakachoandika Mwongozo wa Ujenzi, kueleza nyumba zikae wapi, vyoo wapi, njia ziwe na upana gani, maji yapite wapi. Bila mwongozo uliopitishwa na mkutano, hakuna kitakachojengwa.

Kitongoji kiliipokea kazi hiyo kwa uzito unaostahili katiba ya nchi. Kamati ya watu tisa iliundwa. Yiamat alichaguliwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye pekee mwenye tepu ya kupimia. Jumamosi mbili nzima zilitumika kujadili upana wa njia ya mifugo, na azimio lililopatikana kwa kura ni hili: upana wa ng'ombe wawili wanaopishana na mchungaji mmoja asiyetaka kukanyagwa. Evelyn aliliandika hivyohivyo, neno kwa neno, kisha akaenda na tepu kupima ng'ombe.

Kanuni ya nane ndiyo iliyohusu maji. Ilisema bomba lisiwe mbali zaidi ya hatua mia nne kutoka nyumba yoyote. Kamati ikazunguka, ikapima, ikajadiliana, halafu ikasimika kigingi chenye utepe mwekundu mahali ilipoona panafaa kuliko pengine pote.

Mahali penyewe palikuwa langoni kwa Yiamat.

Naisula alikiona kigingi siku ileile. Kilisimama hatua tatu kutoka kwenye banda la useremala, ambako mkwe wake alikaa kutwa akipiga randa, tangu asubuhi mpaka jua linazama, akitazama njia. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akayatazama magoti yake. Goti la kushoto lilikuwa limevimba. Mfereji wa bondeni, anakochota, ulikuwa mwendo wa dakika arobaini kwenda tu, na kurudi ni mlima. Mabomba ya kitongoji yangekuwa mawili: lile la juu, la wanafunzi wa shule peke yao, na hili. Zege likimwagwa pale langoni, atachota mfereji mpaka siku wanamzika.

Na hawezi kusema. Kulalamikia bomba ni kulalamikia lango, na kulalamikia lango ni kumsema mkwe mbele ya hadhara. Hilo ni baya kuliko kukutana naye.

Basi mzee wa kanisa akaamua kutenda bila kusema. Jumanne mchana, Yiamat alipoteremka mjini kununua gundi na misumari, Naisula alipita langoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, akang'oa kigingi, akakifutika ndani ya shuka, akakisimika hatua sitini chini, kwenye njia panda ya kuelekea kanisani, penye uwazi pasipo nyumba ya mtu. Kisha akaenda nyumbani kupika makande.

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Ushahidi ulichambuliwa. Mbuzi wa Mzee Lemomo walitajwa, wawili kati yao kwa majina. Kigingi kikarudishwa.

Juma lililofuata kigingi kilihama tena, safari hii utepe wake ukiwa umefungwa vizuri kuliko mwanzo. Baada ya mjadala mrefu kamati ilikubaliana kwamba mbuzi hafungi fundo. Mzee Lemomo, ambaye heshima ya mifugo yake ilikuwa imechafuliwa, alidai aombwe radhi, na akaombwa. Kisha fundi wa mradi, Bariki, akaja na nondo ya milimita kumi na sita, akaigongelea ardhini kwa nyundo kubwa.

"Nione huyo atakayeihamisha hii," alisema Bariki.

Naisula alijaribu Jumapili baada ya ibada. Nondo haikutikisika. Jumatatu watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, walianza kuchimba mtaro wa bomba, na jioni yake ulikuwa umefika langoni. Ijumaa zege lingemwagwa. Mkutano wa kupitisha mwongozo ulikuwa Jumatano.

"Yeyo, pita tu," Catherine alimwambia mama yake Jumanne, akimmenyea viazi jikoni. "Hatakuangalia. Atatazama ubao wake."

"Na mimi nitatazama nini?"

"Bomba."

"Mara nne kwa siku, nimeinama langoni kwa mume wako, makalio yanaangalia banda lake?"

Catherine aliiwaza picha hiyo, kisha akatamani asingeiwaza. "Mjini watu wanakula chipsi sahani moja na wakwe zao."

"Waache wale tu. Mimi siku nilipokutoa kwa yule kijana nilimpa na heshima yangu juu. Leo nimnyang'anye kwa ajili ya dumu la maji? Nitakuwa nimemtukana. Na akishanizoea itakuwaje? Kesho atakuja kuniomba chumvi."

"Basi sema mkutanoni."

"Nimseme mkwe mbele za watu?"

"Sasa utafanya nini, yeyo?"

Naisula alichukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza, akakirudisha kwenye sufuria. "Sijui. Lakini zege halimwagwi pale."

Jumatano uwanja wa shule ulijaa. Mkutanoni hakukuwa na hatari: wanaume upande huu, wanawake upande ule, na watu mia katikati. Evelyn na walimu walikuwa wameuchora kijiji chote chini kwa majivu, kikubwa kama uwanja wa netiboli. Njia zilikuwa mistari ya majivu, nyumba zilikuwa mawe, mazizi yalikuwa magunzi, bomba jipya lilikuwa kijiti, na kanisa lilikuwa tofali moja la kuchoma, ambalo mzee mmoja alisema ni dogo mno kwa washarika wote, akaongeza la pili.

"Kabla ya kupiga kura," Evelyn alitangaza, "tuutembee mwongozo wetu. Mwenye nyumba asimame kwenye jiwe lake. Halafu mtu mmoja mmoja atatembea siku yake nzima, tangu anaamka mpaka analala. Tukiona mahali mtu anakwama, tunarekebisha sasa, kabla hatujajenga."

Mzee Lemomo alitangulia. Alitoka kwenye jiwe lake, akafika kwenye zizi, akaenda kwenye nyumba ya mama mpika pombe. Akarudi zizini. Akaenda tena kwa mpika pombe. Alipokwenda mara ya nne, mke wake aliuliza kutoka upande wa wanawake, "Na shambani unakwenda lini?"

"Mama, hii ni ramani ya njia," Lemomo alijibu kwa upole. "Njia ya shambani haina tatizo lolote. Ni nzima kabisa, haijachakaa."

Uwanja uliangua kicheko. Kicheko kilikuwa bado hakijatulia Naisula aliponyanyua mkono.

Alikuwa amekuja na dumu. Watu walidhani atapitia mferejini akitoka mkutanoni. Sasa alilipachika mgongoni, tupu, akapitisha mkanda kwenye paji la uso, akainama kama anavyoinama kila siku, akaanza kutembea juu ya majivu. Alitoka kwenye jiwe lake. Akapita shamba la maharage la Mzee Lemomo. Akapanda njia iendayo kwenye bomba jipya, polepole, goti la kushoto likivutwa, macho chini.

Yiamat alikuwa amesimama kwenye jiwe lake langoni, kama alivyoagizwa, tepu shingoni, amejaa furaha ya mwenyekiti.

Naisula aliona majivu, akaona majani, halafu akaona katambuga zenye misumari miwili. Akasimama palepale. Akajigeuza ubavu, akavuta shuka mpaka usoni.

"Endelea, mama," Evelyn alisema.

"Siwezi."

"Goti?"

"Hapana."

"Njia imezibwa?"

"Haijazibwa."

"Basi... endelea."

Naisula hakuendelea. Dakika ya kwanza watu walidhani anapumzika. Dakika ya pili Bariki alitazama saa yake. Dakika ya tatu kikohozi kikatoka upande wa wazee, kikajibiwa na kikohozi kingine, maana wazee walikuwa wameanza kuelewa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Naisula alisimama tu. Jua lilikuwa kali, mkanda ulimbana paji la uso, na goti lilimpigia kelele. Alijiambia kwamba kama kweli zege litamwagwa, basi limwagwe juu ya miguu yake hapahapa.

Aliyeelewa mwisho kabisa, kama ilivyo kawaida ya wenyeviti, ni mwenyekiti. Yiamat alitazama dumu. Akatazama jiwe lake. Akatazama bomba lililokuwa mbele yake. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeukata ubao wa mteja ukawa mfupi. Hapohapo akageuka akatoka mbio kwenye nyumba yake mwenyewe, akapita juu ya zizi, akaruka matofali yote mawili ya kanisa, akaishia nyuma ya darasa la nne.

Naisula akasogea mpaka kwenye bomba. Akachota maji yasiyokuwepo, bila haraka. Akageuka kurudi. Na Yiamat, akidhani shughuli imekwisha, akachungulia kutoka nyuma ya darasa, akaanza kurudi langoni kwake.

Naisula akasimama tena. Yiamat akakimbia tena.

Sasa hakuna aliyejizuia. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Lemomo alikaa chini.

"Mama," Evelyn aliuliza, kalamu mkononi, yeye peke yake hacheki, "kwa siku unachota madumu mangapi?"

"Manne."

"Kwenda na kurudi, mara nane." Akaandika. "Mara nane kwa siku mwenye nyumba anakimbia kutoka kwake."

"Na mimi kitanda changu nimelipia toka mwezi wa tatu!" mtu alipaza sauti. "Kitaisha lini?"

Halafu mwanamke mwingine akasimama, akasema naye binti yake ameolewa nyumba ya pili kutoka pale. Akasimama wa tatu. Mzee mmoja akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba mashine ya kusaga ilipowekwa pale ilipo, mke wake alihamia mashine ya kijiji cha pili, na miaka sita hii alidhani ni kwa sababu ya ubora wa unga.

Lakini Bariki hakuwa mtu wa kuchekeshwa akahama. "Wazee wangu, mama zangu, nimewasikia," alisema. "Ila mtaro umeshafika langoni. Kuupeleka mpaka njia panda ni hatua sitini, na chini pale ni mwamba wa mlima, nimepima mwenyewe. Ijumaa asubuhi zege linakuja na Jumatatu wakaguzi. Msaragambo umekwisha, watu wamerudi mashambani. Nani atachimba hatua sitini za mwamba kwa siku moja?"

Kila mtu alikumbuka ghafla palizi yake.

"Mimi," alisema Naisula.

Alisema kutoka ndani ya shuka, bado ameinama chini ya dumu. Mtu alicheka kidogo, akanyamaza. Naisula akavua mkanda, akaliweka dumu juu ya majivu, kwenye njia panda, pale panapowakilisha hatua sitini chini ya lango. "Nitaanzia hapa kwenda juu. Bariki, utaniazima sururu."

Evelyn alikuwa ameshaanza kuandika. Aliposoma kanuni ya tisa kwa sauti, alimtazama kila mzee kuhakikisha hajaongeza wala kupunguza:

"Bomba, kisima wala mashine ya kusaga isiwekwe mbele ya lango la mtu yeyote. Njia iendayo kwenye maji iwe na nafasi ya kupishana, na mahali pa kusimama pembeni pasipo miiba."

Ikapita kwa mikono yote. Mkono wa mwenyekiti ulionekana ukinyooka kutoka nyuma ya darasa la nne.

Alhamisi, wingu likiwa bado limekaa kwenye kilele cha Meru, Naisula alikuwa njia panda na sururu. Udongo wa juu ulitoka vizuri. Uliofuata ulikuwa mwamba, mweusi, wenye matundu, ambao kila ukiupiga unakujibu kwenye viwiko. Saa tatu alikuwa amechimba hatua nne. Saa nne walikuja mama wakwe wenzake wawili na mabeleshi. Catherine akaja na uji na sururu nyingine.

Ndipo wakasikia mlio kutoka juu. Ko. Ko. Ko. Mtu alikuwa anachimba kuanzia langoni, akija chini. Naisula hakuinua macho. Aligeuka, akauelekeza mgongo wake mlimani, akaendelea kuchimba kinyumenyume.

"Ni yeye," Catherine alisema.

"Sijauliza."

Walichimba. Baada ya muda Catherine alisema tena, bila kuulizwa, "Yeyo, unajua kwa nini aliliweka pale? Kamati ilitaka kwenye duka. Yeye ndiye aliyekataa. Alihesabu hatua kutoka mlangoni kwako mpaka langoni kwetu, asubuhi, ukiwa mferejini. Mia moja na kumi. Akaniambia, mama asitembee tena mlima kwa goti lile. Alifurahi sana yule, usiku hakulala. Akasahau kabisa kwamba lango ni lake."

Naisula aliiweka sururu chini. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akajifuta uso kwa pindo la shuka, akaufuta muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Mtu mwenye tepu," alisema mwishowe. "Anapima kila kitu, anajisahau mwenyewe."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie nimesikia. Mwambie amehesabu vizuri." Akainuka, akashika sururu. "Na mwambie achimbe kwa kina, bomba lisije likakanyagwa na ng'ombe wake."

Catherine alipanda na ujumbe, akashuka na jibu, akapanda tena. Siku nzima alikuwa posta. Mkwe anauliza kama goti linauma. Mama anasema goti si lake. Mkwe anasema kuna jiwe kubwa katikati, asilipige, atalipasua yeye. Mama anasema ameshalipasua. Kufikia saa tisa watu walikuwa wameanza kutoka mashambani mmoja mmoja, kwa aibu, na majembe, na Bariki mwenyewe alikuwa amevua shati. Mzee Lemomo alileta mbuzi wake watazame.

Saa kumi na moja zilibaki hatua tano. Kutoka nyuma Naisula alisikia sururu ya mkwe ikiwa karibu kiasi cha kuhesabu pumzi zake. Watu wakaacha kuchimba. Mtaro ulikuwa mwembamba, wenye nafasi ya mtu mmoja, na pande zote mbili palikuwa na migomba ya watu.

"Nimalizie mimi?" Bariki alinong'ona.

"Wewe kamwage zege lako," Naisula alisema.

Ule mlio wa nyuma ukanyamaza. Alisikia sururu ikiegemezwa taratibu kwenye ukingo, kisha katambuga zikipanda kutoka mtaroni. Kwenda nyumbani Yiamat alikuwa na hatua thelathini tu, moja kwa moja kufuata mtaro, ambako Naisula akigeuka angemwona. Lakini zile katambuga zilielekea upande mwingine. Zilipita kwenye migomba, zikazunguka shamba la kwanza la mahindi, na la pili, na la tatu, mpaka mlio wa majani makavu ukapotea kabisa kule juu ambako njia inarudi kwenye lango lake kwa nyuma.

Naisula akageuka sasa, akatazama mbele. Hatua tano za mwamba. Akatemea viganja, akanyanyua sururu.